NHIF Nyingine: Historia ya Familia Zilizoambiwa "Mpelekeni Tu Nyumbani"

Wasee, leo si vichekesho. Leo ni historia, lakini si ile ya kuandikishwa noti hadi mkono unakufa ganzi. Weka chai, kaa chini, hii itachukua dakika kadhaa.

Watu wengi huniuliza kwa nini niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Huwa najibu ati masomo ilinikataa, tunacheka, inaisha hivyo. Ukweli ni kwamba niliacha juu ya bro wangu. Na juu yake nimesoma historia ambayo hakuna darasa lilinifunza, na leo nataka kuimwaga hapa yote, juu najua kuna mtu anasoma hii akiwa kwa benchi ya hospitali.

Bro alikuwa abiria wa nduthi. Saa kumi na mbili asubuhi, anaenda job, helmeti moja tu na iko kwa kichwa cha dereva. Gari likakata kona bila kuangalia. Dereva aliumia mguu. Bro aligonga lami na kichwa. Akakaa ICU wiki mbili, wadi wiki tano, na sisi nje tunapiga harambee, tunatuma namba ya mchango kwa kila grupu tunayojua.

Siku ya kutoka tulipewa karatasi yenye mistari mitatu: majina ya dawa, tarehe ya kurudi, na neno "apumzike". Mathe akauliza, "Daktari, atakuwa sawa?" Akajibiwa kwa upole, nakumbuka huo upole, "Mama, mpelekeni tu nyumbani. Atarudi polepole."

Aliingia nyumbani akitembea kwa miguu yake. Majirani wakaimba. Kanisani tukatoa ushuhuda. Sisi tulijua imeisha.

Wiki ya pili aliniuliza siku ni gani mara tisa kabla ya chakula cha mchana. Wiki ya tatu akarushia mathe sahani juu redio ya jirani ilikuwa na kelele. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kupandisha sauti nyumbani. Alikuwa analala mchana kutwa, akiamka anakaa tu kitandani akiangalia ukuta, na ukimwambia aoge anasema sawa halafu haendi. Shangazi akasema amekuwa mvivu. Jirani akasema amerogwa. Mchungaji akasema ni vita vya kiroho. Na usiku mmoja mathe akanishika mkono jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu si mtoto wangu. Wamenirudishia mtu mwingine."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na simu na data ya shilingi hamsini. Nikaanza kutafuta.

Mtu wa kwanza kuambiwa si yeye

Kumbe hayo maneno ya mathe yalikuwa yameshasemwa zaidi ya miaka 170 kabla.

Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji mdogo wa Cavendish, jimbo la Vermont, Marekani, kulikuwa na kijana wa miaka 25 anaitwa Phineas Gage. Alikuwa msimamizi wa vijana wanaolipua mawe ili reli ipite. Kazi yake ilikuwa kushindilia baruti ndani ya shimo kwa chuma kirefu cha zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita hivi. Cheche ikatoka, baruti ikalipuka, na hicho chuma kikaingia chini ya shavu lake la kushoto, kikapita nyuma ya jicho, kikatokea juu ya kichwa na kuanguka mbali.

Hakufa. Aliongea dakika chache baadaye, akaketi kwa mkokoteni akapelekwa mjini. Daktari wa mtaa, John Martyn Harlow, akamshughulikia kwa wiki nyingi akapona kidonda.

Lakini alipotaka kurudi kazini, waajiri wake wakamkataa. Mtu aliyekuwa mpole na mwenye mipango sasa alikuwa na hasira za haraka, matusi, anapanga jambo asubuhi analiacha mchana. Rafiki zake wakasema huyu si Gage tena.

Wanafunzi wa saikolojia wote hufunzwa hiyo sehemu. Sehemu ambayo hawaambiwi sana ndiyo ilinishika mimi. Mwaka 1852 Gage alienda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, kwa miaka kama saba. Fikiria hiyo kazi: kuamka mapema, kutunza farasi, kuwa mpole kwa abiria, kukumbuka njia. Watafiti waliorudia kesi yake miaka ya karibuni wanaona kwamba hiyo ratiba ya kila siku, jambo lile lile saa ile ile, huenda ilimrudishia sehemu kubwa ya utu wake. Alirudi akiwa mgonjwa mwaka 1859, akaenda kwa mamake aliyekuwa amehamia California, akaanza kupata kifafa, akafa Mei 1860.

Na je, sisi tunajua vipi hayo ya mwisho? Kwa sababu miaka kadhaa baadaye Daktari Harlow alimtafuta mama, na mama akamsimulia. Akakubali hata kaburi lifunguliwe ili daktari apate fuvu. Hilo fuvu na kile chuma viko Chuo Kikuu cha Harvard mpaka leo.

Sasa angalia hiyo biashara ilivyoenda. Mama alitoa kila kitu, stori na fuvu la mtoto wake. Sayansi ikapata sura nzima kwa vitabu vyake. Mama alipata nini? Hakuna mahali nimeona mtu aliyemwandikia hata ukurasa mmoja wa kumweleza mwanawe alikuwa na shida gani. Kwa zaidi ya miaka mia moja hivyo ndivyo ilivyokuwa: habari zinatoka kwa familia kwenda kwa daktari, hazirudi.

Kwetu pia tulijua kichwa

Kabla useme hii ni stori ya wazungu, ngoja. Sisi ni watu wa Kisii. Na kama wewe ni Mkisii na una magokoro mzee, muulize kuhusu omobari omotwe.

Ababari walikuwa wataalamu wa kupasua kichwa. Mtu akipigwa rungu au akianguka, halafu kichwa kikauma miezi na miezi bila kuacha, alipelekwa kwa omobari. Huyu alifungua ngozi, akakwangua mfupa wa fuvu polepole kwa visu vyake mpaka sehemu mbovu itoke, akaweka dawa za mitishamba. Ni mambo ambayo yameandikwa. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Mathari miaka ya 1950, aliyachunguza na kuyachapisha, na madaktari wengine wakayaandika tena miaka ya 1980 yakiwa bado yanafanyika.

Siwaambii muende huko. Tafadhali. Hakuna vipimo, na maambukizi ya ubongo si mchezo. Lakini kuna kitu kimoja hao wazee walijua ambacho karatasi yetu ya mistari mitatu haikusema: kwamba kichwa kilichogongwa kinaweza kuendelea kuumwa muda mrefu baada ya kidonda kufunga, na kwamba hiyo si uvivu wala si uongo. Kulikuwa na jina, kulikuwa na mtu wa kuendea, na kijiji kizima kilielewa kwa nini unaenda.

Upasuaji wa ubongo wa kisasa ulishika mizizi hapa kwetu baadaye. Muitaliano Renato Ruberti alikuja miaka ya 1960, na baadaye Gerishom Sande, anayetajwa kama Mkenya wa kwanza kuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, akarudi kutoka masomo Belfast mwishoni mwa miaka ya 1970. Hao watu walianza na karibu hakuna kitu, na kuna watu wanatembea leo kwa sababu yao. Nawaheshimu. Shida ninayoongelea haiko mezani pa upasuaji. Inaanza ukishatoka kwa geti.

Mwanajeshi, nduthi na helmeti

Hii sehemu ni ya watu wa nduthi, yaani sisi wote.

Mei 1935, Uingereza, T. E. Lawrence, yule afisa maarufu wa vita vya Uarabuni, alikuwa anaendesha pikipiki yake karibu na nyumbani kwake Dorset. Akakwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa. Hakuwa na helmeti. Alikaa bila fahamu siku sita, akafa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, daktari wa ubongo aliyezaliwa Australia.

Cairns hakusahau. Akaanza kuhesabu waendesha pikipiki wanaokufa kwa kuumia kichwa, wengi wakiwa wanajeshi wa kupeleka ujumbe. Mwaka 1941 akachapisha matokeo yake kuonyesha helmeti inaokoa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru hao wapeleka ujumbe wavae. Lakini kwa raia wote? Sheria ilikuja mwaka 1973. Hesabu: kutoka kifo cha Lawrence ni miaka 38. Na tangu 1941 ukweli ulikuwa umeshajulikana, umeandikwa, umechapishwa, na watu wakaendelea kugonga vichwa miaka 32 zaidi.

Nasi je? Mwaka 2008 serikali yetu iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa kila mahali, vijana wakapata kazi. Sheria inataka dereva na abiria wote wavae helmeti. Unaijua hiyo sheria? Na lini mara ya mwisho umepanda nduthi ukapewa helmeti ya abiria? Na ukipewa, si unasema ati itaharibu nywele, ati inanuka? Mimi pia nilisema hivyo. Siku hizi natembea na yangu kwa mkono kama mfuko wa mboga. Nichekeni tu.

Walijua kuokoa, hawakujua kurudisha

Sasa tuingie miaka ya 1970, hapa ndipo kila kitu kinageuka.

Mwaka 1971, hospitali moja ya London ilitumia kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa mashine ya Godfrey Hounsfield ya kupiga picha ya ubongo bila kufungua kichwa. Hiyo ndiyo skeni ya CT, ile mnachangiwa pesa zake kwa harambee. Mwaka 1974, Glasgow, madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wakatoa kipimo cha fahamu ambacho sista yeyote anakijua: macho yanafunguka vipi, mtu anajibu vipi, anasogeza mwili vipi. Kinavyotumika leo, alama ya chini kabisa ni 3 na ya juu ni 15. Ukiwa na 8 kushuka, hali ni mbaya sana. Ukiona "GCS" kwa faili ya mtu wako, ni hiyo. Bro aliingia na 6. Nilikaa wiki saba hospitalini bila kujua hiyo 6 maana yake nini, na iliandikwa kwa kalamu nyekundu mbele yangu kila siku.

Kwa sababu ya hizo mashine na ICU, watu waliokuwa wanakufa wakaanza kupona. Poa sana. Lakini sasa ikatokea shida mpya kabisa: maelfu ya familia nyumbani na mtu aliye hai, anayetembea, na ambaye si yule wa zamani. Hospitali zilikuwa zimejipanga kumtoa mtu kwa kifo. Kumrudisha kwa maisha, hakuna aliyekuwa amepanga.

Huko Uingereza, mwaka 1979, familia na wataalamu wachache wakaanzisha Headway, wakaanza kukutana, kuandika vijitabu vya lugha rahisi, kufungua vituo ambapo mtu anaenda mchana mamake apumzike. Makao yao yako Nottingham na wapo mpaka leo. Mwaka 2017 walianza kutoa kitambulisho cha watu walioumia ubongo, cha kumwonyesha polisi kwamba huyu mtu hajalewa, anatembea hivyo na anaongea hivyo kwa sababu ya jeraha. Niliposoma hiyo nilifunga simu nikalia, juu bro wangu alishalala seli usiku mmoja. Alikuwa anatoka dukani, anayumba, maneno yanakwama. Askari akasema huyu amekunywa. Alikuwa amebeba maziwa.

Na Marekani kulikuwa na mama anaitwa Marilyn Price Spivack. Bintiye aliumia ubongo kwa ajali ya gari mwaka 1975, akiwa kijana wa shule. Mama akatafuta mahali pa kumpeleka, akatafuta mtu wa kumweleza, hakupata. Mwaka 1980, huko Massachusetts, yeye na wenzake wakaanzisha National Head Injury Foundation. Kwa kifupi: NHIF.

Ndiyo, NHIF. Nilicheka peke yangu kwa matatu hadi mtu akasogea kiti. Sisi yetu ilianza 1966, tukaikata kwa payslip miaka na miaka, mpaka SHA ikachukua nafasi yake mwaka 2024. Ilikuwa ya bili. Yao haikulipa bili ya mtu. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kupokea simu. Mama mmoja anapiga, mama mwingine anajibu, "Ndiyo, wangu pia alifanya hivyo. Haujarukwa na akili. Hebu nikuambie tulichofanya." Kutokana na hizo simu zikatoka ofisi za majimbo, na mwaka 1996 ikatoka sheria ya taifa zima kuhusu majeraha ya ubongo. Siku hizi shirika linaitwa Brain Injury Association of America.

Hakuna hata mmoja wa hao mama aliyekuwa daktari wa ubongo. Walichofanya ni kukataa kila familia ianze sifuri.

Kilio kisicho na mazishi

Kuna mtu mwingine lazima nimtaje. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani, alianza miaka ya 1970 kuongea na familia za wanajeshi waliopotea vita vya Vietnam. Mume hajarudi, mwili haupo, huwezi kulia, huwezi kuendelea. Akaona kuna namna ya kupoteza ambayo haina mwisho. Baadaye akaonyesha kwamba iko na upande wa pili: mtu yupo kwa mwili lakini hayupo kwa utu. Familia za majeraha ya ubongo ziko hapo.

Nilimtafsiria mathe. Nilimwambia, mathe, kuna mama wa masomo huko Marekani anasema unaweza kumlilia mtu aliye hai, na si dhambi. Unaweza kumpenda huyu aliyerudi na bado umlilie yule aliyeenda.

Mathe alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa nini hakuna mtu aliniambia?"

Hilo ndilo swali langu kwa hii posti yote. Kwa nini hakuna mtu alimwambia? Hayo maarifa yako. Mengine yana umri wa miaka hamsini. Yako bure kwa simu. Lakini yako kwa Kiingereza cha chuo, na mathe anasoma Biblia ya Kiswahili. Niliandika kwa Kiswahili "kuumia ubongo baada ya ajali mtu kubadilika tabia" na nikaletewa habari za ajali, mahubiri, na mtu anauza mafuta ya kupaka kichwa. Hapo ndipo nilielewa kwamba Waingereza walichelewa na helmeti miaka 38, na sisi tunachelewa na kitu kidogo zaidi. Karatasi moja.

Na nitasema hii nikijua kuna mtu atakasirika: kazi ya kukaa nyumbani ilinijia mimi moja kwa moja, bila kikao, kwa sababu mimi ndiye msichana. Binamu zangu watatu wa kiume wako kwa mtaa huo huo. Hakuna aliyeulizwa. Simlaumu mathe, alikuwa anazama akashika mkono uliokuwa karibu. Lakini kama tungejua kutoka mwanzo kwamba hii ni safari ya miaka, si wiki mbili za "apumzike", tungekaa kama familia tugawane zamu. Mimi niliomba ruhusa ya mwezi mmoja chuoni. Mwezi ukawa semesta, semesta ikawa hivi. Kukosa habari kuligharimu familia yetu kuliko bili ya ICU, na hiyo haina mchango.

Ile karatasi tungepewa

Mimi si daktari. Hii hapa chini ni ya kawaida kabisa, madaktari wanaijua, na nimemsomea sista mmoja wa wadi anayenivumilia. Isome, mpigie daktari wako maswali.

Mtu akigonga kichwa, hata kama ameamka anaongea, mrudishe hospitali mbio ukiona anatapika tena na tena, kichwa kinauma kikizidi, amekuwa na usingizi usio wa kawaida, degedege, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au mkono au mguu umelegea. Usingoje asubuhi.

Akirudi nyumbani, hasira, kusahau, kuchoka na kukaa bila kuanza kitu vinaweza kuwa sehemu ya jeraha. Si tabia mbaya, si majini. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki na ndiyo stata. Ikiumia, gari linakosa breki au linakataa kuwaka, wakati mwingine yote mawili kwa siku moja.

Punguza kelele. Redio, watoto, watu wanne wakiongea, kwake hiyo ni kama matanga na harusi kwa chumba kimoja. Uliza swali moja kwa wakati. Ngoja jibu.

Weka ratiba na daftari. Jambo lile lile saa ile ile. Andika kwa ukuta siku ni gani. Kumbuka Gage na farasi wake.

Akichoka, amechoka kweli. Ubongo unaojirekebisha unakula nguvu.

Asirudi kuendesha gari au nduthi wala kunywa pombe kabla daktari hajasema. Kifafa kinaweza kuja baadaye.

Ulizia kliniki ya fiziotherapia, ya kuongea na ya kazi za mikono hata kama haujaambiwa. Na kama shida zimebaki, ulizia hospitalini jinsi ya kupimwa ili asajiliwe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulemavu usioonekana ni ulemavu.

Na wewe unayemtunza: lala. Gawana zamu. Tafuta familia moja tu nyingine yenye stori kama yako. Moja inatosha kuanza.

Hiyo ni karatasi moja. Inaingia pande mbili za ukurasa. Haihitaji mashine, haihitaji mfadhili. Inahitaji mtu wa kuitafsiri vizuri na wadi za kuipokea. Nimeanza kuitengeneza kwa Kiswahili cha mathe, si changu cha mtaa, na sista ananisahihisha. Nikimaliza nitaiweka hapa bure, uchapishe ya shilingi kumi kwa saiba, upeleke wadi iliyo karibu nawe. Wakiikataa, iache tu kwa benchi. Mtu ataiokota.

Bro yuko aje? Watu huuliza hivyo mwisho. Sitawadanganya ati amerudi. Yule wa zamani hatarudi, na nimemlilia. Huyu wa sasa ana kuku kumi na nne. Niliposoma stori ya Gage nilimwambia mathe tumpe kazi ya saa moja kila siku, ile ile. Kila saa kumi na mbili asubuhi anaamka, anawapa maji, anaokota mayai, anaandika namba kwa daftari. Kuna siku anaandika mara mbili. Kuna siku bado anafoka. Lakini ile sahani ilikuwa ya mwisho kuvunjika, na sasa ni zaidi ya mwaka.

Jana aliniuliza, "Leo ni siku gani?" Nikamwambia Jumanne. Nikakaa nikingoja aulize tena.

Hakuuliza tena.

Kama kwenu kuna mtu kama yeye, niandikie hapo chini, hata neno moja tu. Tuanze kujibizana.